Viza Huuliza Umri Tu

Ukitoka lango la Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta hapa Juja ukielekea Gachororo, utapita saiba baada ya saiba, na katika nyingi utaona kibao kinachotangaza usaidizi wa kujaza fomu za kwenda ng'ambo: bahati nasibu ya Marekani, masomo ya Kanada, uuguzi Ujerumani. Kila fomu ina sehemu ya watoto. Sehemu hiyo huuliza jina, tarehe ya kuzaliwa, na kama mtoto ameoa au ameolewa. Leo ninazungumza juu ya mzazi ambaye kalamu yake hukwama hapo. Mwanawe ana miaka 24. Hana ndoa, hana kazi, hawezi kuvuka barabara ya Thika peke yake. Huogeshwa, huvishwa na kulishwa. Kwa mzazi huyo, malezi hayajapungua hata siku moja tangu mtoto azaliwe. Kwa fomu, huyo ni mtu mzima ambaye safari hii haimhusu.

Nina hoja moja tu, na nitaitetea hadi mwisho. Anayestahili kufuatana na mzazi anapohama apimwe kwa utegemezi wake, wala asipimwe kwa umri peke yake. Jambo hili si ndoto ya watu wa haki za binadamu, kwa sababu zipo nchi zilizoliandika katika sheria zao na hazikufilisika. Serikali ya Kenya nayo, ambayo siku hizi inatia saini makubaliano ya kupeleka wafanyakazi nje na kujivunia hadharani, inawajibika kulidai jambo hili mezani kabla haijatia saini tena.

Tuanze na Marekani, maana ndiyo iliyozoeleka zaidi midomoni mwa watu. Katika sheria ya uhamiaji ya nchi hiyo, mtoto ni mtu ambaye hajafika miaka 21 na hajafunga ndoa. Mzazi anaposhinda bahati nasibu ya viza, ile ambayo sheria imeitengea hadi viza 55,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, mwenzi wake na watoto wa aina hiyo hupita kwa jina lake. Aliyevuka 21 hapiti. Ni kweli kwamba tangu 2002 iko sheria ya kuwalinda watoto wanaokua wakiwa kwenye foleni, na kwayo baadhi ya siku za kungoja huondolewa katika hesabu ya umri. Lakini hata sheria hiyo inahesabu siku tu. Haiulizi kama mtu anaweza kujipeleka chooni. Mzazi akishafika na kupata ukaaji wa kudumu anaweza kumwombea mwanawe ambaye hajafunga ndoa katika kundi la watoto watu wazima. Kufikia 2025, waliokuwa wakiitwa katika foleni hiyo ni wale walioombewa zaidi ya miaka 8 nyuma. Mtu asiyeweza kujigeuza kitandani huhitaji kugeuzwa usiku asipate vidonda. Katika miaka hiyo 8, nani atamgeuza?

Foleni ikiisha, lipo swali jingine. Mwaka 1882 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyowazuia kushuka bandarini wendawazimu, watu walioitwa mapunguani, na yeyote asiyeweza kujitunza bila kuwa mzigo kwa umma. Lugha imelainika tangu wakati huo, lakini ile hofu ya mzigo kwa umma bado imo ndani ya sheria, na ofisa wa viza anaruhusiwa kupima umri wa mwombaji, afya yake, mali yake na elimu yake. Wapo wanaojipa moyo kwamba mtoto akishafika ataandikiwa posho ya serikali ya watu wenye ulemavu. Mambo si rahisi hivyo. Mhamiaji mwenye ukaaji wa kudumu kwa kawaida hungoja miaka 5, na juu ya hapo huhitaji rekodi ya kazi ya takriban miaka 10. Mtoto anaweza kuhesabiwa kazi ya mzazi wake, lakini ile tu aliyoifanya kabla mtoto hajatimiza miaka 18. Mzazi aliyeanza kazi Marekani wakati mwanawe ana miaka 24 anaweza kulipa kodi mpaka mgongo upinde, na hata mwezi mmoja wa jasho hilo usihesabiwe kwa faida ya mtoto. Tarehe ya kuzaliwa imewafungia mlango wa kuingia, kisha ikawafungia na wa kusaidiwa.

Uingereza hali ni ngumu zaidi, na ndiko ninakoumia nikitazama. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kupeleka wahudumu wa afya. Wauguzi wetu walikwenda, na pamoja nao, kwa njia nyingine, walikwenda watu wengi kufanya kazi ya kuwatunza wazee na watu wenye ulemavu, majumbani na katika makao maalumu. Mwenye viza ya kazi nchini humo hawezi kumwita kutoka Kenya mtoto aliyekwisha kutimiza miaka 18, awe na ulemavu au asiwe nao. Kuanzia tarehe 11 Machi 2024, wanaokwenda kufanya kazi ya utunzaji walikatazwa kuleta jamaa yeyote, hata mtoto mchanga. Na Julai 2025 mlango wa kuwaajiri watunzaji wapya kutoka nje ukafungwa kabisa. Iko njia moja ya jamaa mtu mzima anayetegemea, lakini ilikazwa mno mwaka 2012. Anayeomba lazima awe na jamaa ambaye tayari ni raia au mkaaji wa kudumu, na athibitishe kwamba anahitaji kusaidiwa kuoga, kuvaa na kupika, na kwamba msaada huo haupatikani nchini kwake hata kwa pesa za kutumwa kutoka Uingereza. Basi mama wa Ruiru anaamka Leeds saa 11 alfajiri kwenda kumwogesha mtoto wa mwenzake mwenye mtindio wa ubongo, kazi anayoijua kwa sababu ameifanya nyumbani kwake miaka 20, na nchi inayomlipa kwa ujuzi huo inamwambia kwamba yule aliyemfundisha ujuzi huo hana nafasi.

Kuhusu Ujerumani nitasema kwa ufupi. Tarehe 13 Septemba 2024, mjini Berlin, Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa ushirikiano wa uhamiaji na ajira. Sheria ya ukaaji ya Ujerumani humruhusu mtoto mtu mzima kujiunga na mzazi pale tu ambapo kumkatalia kungeleta ugumu usio wa kawaida, na mzigo wa kuuthibitisha ugumu huo ni wa mwombaji. Nchi za Ghuba nazo, mfanyakazi wa nyumbani haendi na mtoto wa umri wowote, kwa hiyo huko swali letu halifiki hata mlangoni.

Sasa njoo Kanada. Sheria ya Kanada inamtambua mtoto mtegemezi kuwa aliye chini ya miaka 22 na asiye na ndoa, lakini haikuishia hapo. Inaendelea kusema kwamba hata aliyefika 22 au kuzidi ni mtegemezi, ikiwa tangu kabla ya umri huo amekuwa akiishi kwa pesa za mzazi, na kama hawezi kujitegemea kwa sababu ya hali ya mwili au ya akili. Hiyo ndiyo sentensi ninayoitaka katika kila mkataba wa Kenya. Haifungui mlango kwa kila kijana aliyekosa kazi, wala haimwachi nje yule ambaye miaka 22 kwake ni namba tu. Umri wenyewe hufungwa siku maombi yanapopokelewa, kwa hiyo ucheleweshaji wa ofisi haumgeuzi mtoto kuwa mgeni.

Hata hivyo Kanada nayo ilikuwa na doa lake, na historia ya doa hilo inatufaa kuliko sifa zake. Sheria yake ya uhamiaji ya 2001 ina kifungu kinachomzuia mtu ambaye afya yake inatarajiwa kuzigharimu huduma za umma kupita kiasi, na mmoja akizuiwa, familia nzima huzuiwa. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilisikiliza kesi ya familia mbili, ya Hilewitz kutoka Afrika Kusini na ya de Jong kutoka Uholanzi, ambazo zilikataliwa kwa sababu ya watoto wao wenye ulemavu wa akili. Mahakama ilisema ofisa hawezi kusoma jina la ugonjwa tu na kufunga faili. Ni lazima amtazame mtu mwenyewe na familia yake, pamoja na uwezo na nia yao ya kujilipia. Mwaka 2016 profesa Felipe Montoya wa Chuo Kikuu cha York, raia wa Costa Rica, alinyimwa ukaaji kwa sababu mwanawe ana hali ya Down, na uamuzi huo ukageuzwa baada ya kelele za watu. Desemba 2017 kamati ya bunge ilipendekeza kifungu kifutwe. Aprili 2018 Waziri wa Uhamiaji Ahmed Hussen, aliyezaliwa Mogadishu na kufika Kanada akiwa mkimbizi, alitangaza kwamba kiwango cha gharama kinachoruhusiwa kitakuwa mara 3 ya kile cha awali, na kwamba elimu maalumu na usaidizi wa kibinafsi wa kila siku havitahesabiwa tena kuwa mzigo. Serikali hiyo yenyewe ilieleza kwamba kifungu kile cha zamani kiliwagusa waombaji wapatao 1,000 kwa mwaka, na kwamba pesa kilizookoa zilikuwa karibu asilimia 0.1 ya matumizi ya afya ya majimbo.

Nimelitaja hilo kwa makusudi, kwa sababu pingamizi la kwanza dhidi ya hoja yangu ni la pesa, na ni pingamizi la haki. Kuna anayesema: kodi ya Kanada ni ya Wakanada, ya Uingereza ni ya Waingereza, nchi ina haki ya kuchagua mgeni asiyewagharimu. Sikatai kwamba nchi ina haki ya kulinda hazina yake. Ninachokataa ni hesabu ya upande mmoja. Mzazi muuguzi akiomba viza, karatasi ya gharama huandikwa kwa jina la mtoto, lakini zamu za usiku za mzazi, kodi atakayolipa miaka 30, na gharama ya kumsomesha uuguzi iliyobebwa na Kenya, havionekani kwenye karatasi ileile. Familia inahukumiwa kama kitu kimoja inapofika kwenye hasara. Ikifika kwenye faida, anahesabiwa mfanyakazi peke yake. Mahakama ya Kanada iliona kasoro hiyo mwaka 2005. Na hofu ya gharama, ilipokaguliwa kwa takwimu za serikali yenyewe, ilikutwa imesimama juu ya asilimia 0.1.

Australia inatuonyesha nusu ya haki ikoje. Sheria yake humkubali kuwa mtegemezi mtoto aliyezidi miaka 23 ambaye hawezi kufanya kazi kwa sababu ya upungufu wa mwili au akili. Kisha humpeleka kwenye kipimo cha afya, ambako gharama yake ikizidi kiwango kilichowekwa, familia yote huanguka. Mwaka 2008 daktari Mjerumani Bernhard Moeller, aliyekuwa akiutibu mji wa Horsham uliokuwa na uhaba wa madaktari, alinyimwa ukaaji wa kudumu kwa sababu ya mwanawe mwenye hali ya Down, mpaka waziri alipoingilia kati. Kiwango hicho kilipandishwa Julai 2024 hadi dola 86,000 za Australia, hatua njema. Lakini nchi hiyo hiyo, ilipouridhia mwaka 2008 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, iliambatisha tamko kwamba mkataba huo haugusi masharti yake ya afya kwa wahamiaji. Uingereza nayo iliweka tahadhari ya namna hiyo upande wa uhamiaji. Kwa maoni yangu matamko hayo ni ushahidi mzito kuliko hotuba yoyote. Mtu haweki kizuizi pale asipoona njia. Kifungu cha 18 cha mkataba kinazungumzia uhuru wa watu wenye ulemavu kusafiri na kutumia taratibu za uhamiaji kwa usawa na wengine, na mataifa hayo yalielewa vizuri kinafikia wapi.

Pingamizi la pili halitoki ng'ambo. Linatoka kwa majirani. Watu husema: mwache kwa nyanya yake, utume pesa, ndivyo wengine wanavyofanya. Wakenya walio nje walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9 mwaka 2024, na bila shaka sehemu ya pesa hizo inawalea watu wenye ulemavu. Siwalaumu wanaofanya hivyo, wengi wao hawakuwa na njia nyingine. Lakini tuuangalie ushauri huo kwa macho makavu. Nyanya ana miaka 70. Mjukuu ana miaka 24 na kilo 60. Nani anamwinua nani? Isitoshe, Juja, Ruiru na vitongoji vya Thika vimejaa wapangaji waliotoka Murang'a, Machakos, Kisii, Turkana. Ghorofa zimeota upande huu na upande ule wa barabara kuu, na ukoo ambao mshauri anautegemea uko mbali, kaunti nyingine. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na anayeshauri hivyo kwa kawaida si yeye atakayeamka usiku mtoto akishikwa na kifafa.

Tusidanganyane pia kuhusu kinachobaki hapa mzazi akiondoka. Mpango wa Inua Jamii unaipa familia ya mtu mwenye ulemavu mkubwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Mshahara wa chini kisheria wa mfanyakazi wa nyumbani jijini Nairobi umezidi shilingi 16,000 tangu Novemba 2024, na huyo ni mfanyakazi asiye na mafunzo ya kumtunza mtu asiyeongea wala kutembea. Thika ina bahati ambayo miji mingi haina: shule ya wasioona iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, na Joytown, ya jeshi hilohilo, kwa wenye ulemavu wa viungo. Watoto waliopita humo wamekuwa walimu na mawakili. Lakini shule ni shule. Ina mwaka wa kuingia na mwaka wa kutoka. Yule ambaye hakuwahi kuweza kusoma, au aliyemaliza na bado anahitaji mkono wa mtu kila saa, hurudi nyumbani kwa mama. Mama akiwa Düsseldorf, nyumbani hapo ni wapi?

Lipo pingamizi la tatu, nami ninaliheshimu kuliko yote, kwa sababu linamhusu mwenyewe anayezungumzwa. Mtu wa miaka 24 ni mtu mzima. Ana marafiki mtaani, ana lugha anayoielewa, ana kanisa au msikiti anakofahamika, na pengine hataki kwenda kuishi kwenye baridi mahali ambapo hakuna anayemjua jina. Je, kudai kwamba ahesabiwe mtegemezi si kumrudisha utotoni? Nadhani hapa tutofautishe mambo mawili. Kumhesabu mtu kuwa mtegemezi ni kusema anahitaji nini. Hakusemi kwamba hana neno. Mkataba nilioutaja unasisitiza kwamba watu wenye ulemavu wana uwezo wa kisheria sawa na wengine, na wasaidiwe kuutumia, wala usichukuliwe na mtu mwingine kwa niaba yao. Kwa hiyo ni lazima aulizwe, kwa maneno, kwa ishara, kwa picha, kwa njia yoyote anayoelewa, na akisema hataki, jibu hilo lina uzito. Lakini leo hana hata nafasi ya kukataa, maana hajawahi kuulizwa. Sheria ya umri ilimjibia kabla.

Kuna la nne, la wale wanaosema Kenya haina nguvu ya kudai kitu mbele ya Ujerumani au Uingereza, ombaomba hachagui. Sikubali. Nchi hizo zinakuja kutafuta wauguzi kwa sababu wazee wao ni wengi na watunzaji wao ni wachache, na hitaji hilo ndilo lililowakalisha mezani na sisi. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu atendewe kwa utu na heshima. Mei 2025 Rais alitia saini sheria mpya ya watu wenye ulemavu iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Na mwaka huohuo wa 2008 ambao Australia iliweka tamko lake, Kenya iliuridhia mkataba bila tamko la namna hiyo. Serikali iliyojifunga kwa maandishi yote hayo haiwezi kuketi Berlin au London ikajadili idadi ya wafanyakazi, mafunzo ya lugha na utambuzi wa vyeti, kisha ikajifanya haijui kwamba baadhi ya wafanyakazi hao wana watoto wasioweza kuachwa. Hatudai viza kwa kila mtu. Tunadai sentensi moja, na Kanada tayari imekwisha kuiandika.

Kabla sijafika kwa wakubwa, nina neno kwa mzazi anayepanga sasa, kwa sababu mikataba huchukua miaka na fomu iko mezani leo. Usimfiche mtoto. Wapo maajenti watakaokuambia usimwandike, au uandike kwamba hana tatizo, kisha utamchukua baadaye ukishatulia. Ushauri huo umevunja familia. Kanada ina sharti kwamba mtu wa familia ambaye hukumtaja wala kumpimisha ulipoomba, huwezi kumdhamini baadaye. Sera ya muda ya tangu 2019 imewapunguzia baadhi ya watu ugumu huo, lakini usijenge maisha ya mwanao juu ya sera ya muda. Kudanganya kwenye fomu hufungiwa miaka 5 Kanada, na Marekani kunaweza kukufungia maisha yako yote usipopata msamaha maalumu. Katika bahati nasibu ya Marekani, kumwacha nje ya fomu mtoto wa chini ya miaka 21 kunaliua ombi zima hata kama umeshinda. Ulemavu si aibu ya kufichwa kanisani, sembuse kwenye karatasi ya kiapo.

La pili kwa mzazi huyo ni karatasi. Kanada itataka kuona kwamba utegemezi ulikuwapo kabla ya miaka 22, na ushahidi wa jambo hilo hautengenezwi mtoto akiwa na 25. Ni kadi za kliniki za utotoni, ni ripoti za shule ya mahitaji maalumu, ni tathmini ya ulemavu kutoka hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, na usajili katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Kumbuka pia kwamba kijana akifika 18, mzazi hana tena mamlaka ya moja kwa moja ya kumtilia saini. Sheria ya Watoto ya 2022 inaruhusu mahakama kurefusha wajibu wa mzazi kupita umri huo pale hali ya mtoto inapohitaji, lakini lazima uombe. Mahakama ziko Thika, ziko Ruiru. Kitambulisho achukue, pasi achukue, hata kama kumfikisha Nyayo House ni safari ya kukodi gari na watu wawili wa kumbeba. Mtu asiye na kitambulisho hatapata hata zile shilingi 2,000 kwa wepesi.

Kwa Idara ya Masuala ya Wakenya Waishio Ughaibuni na Wizara ya Leba, nasema hivi. Mikataba ya uhamiaji wa ajira itarudi mezani, mipya na ya kuhuishwa. Nendeni na kipengele kinachosema kwamba mtoto mtu mzima asiyeweza kujitegemea kwa sababu ya ulemavu, ambaye amekuwa akimtegemea mzazi tangu kabla ya utu uzima, ahesabiwe katika familia ya mfanyakazi. Na kwamba gharama yake ipimwe pamoja na mchango wa mzazi. Wakikataa, rudini mtuambie hadharani kwamba mlidai mkakataliwa, ili muuguzi wa Thika ajue anakwenda wapi kabla ya kuuza ploti yake ya Juja Farm.

Na kwa wewe msikilizaji: Sheria ya Kutunga na Kuidhinisha Mikataba ya mwaka 2012 inataka wananchi washirikishwe katika mikataba inayogusa haki na wajibu wa raia. Wabunge wa Juja, Ruiru na Thika wana ofisi, na barua haihitaji wakili. Iandike, itaje hali ya nyumbani kwako au ya jirani yako, uipeleke kabla mkataba mwingine haujasainiwa.